Meza za duara au meza ndefu? Ukumbi wa mita 18 kwa 30, wageni 350

Dada mmoja wa Morogoro ameniuliza, nafupisha maneno yake: "Harusi yetu ni Desemba. Ukumbi ni mita 18 kwa 30, una baraza ubavuni na uwanja wa kuegesha magari. Kamati imekadiria wageni 350 ukiacha meza kuu, chakula ni bufee. Mi nataka meza ndefu kama naziona Instagram, mama mkwe mtarajiwa, wao ni watu wa Moshi, anasema meza ndefu ni za bwalo la shule, harusi ya heshima ni meza za duara. Mpambaji anasema zote zinawezekana, tuchague tu rangi. Nani yuko sahihi? Meza kuu iweje? Na sendofu itafanyika nyumbani kwetu kwenye tenti, tutumie meza gani?"

Dada, hongera kwanza. Alafu huyo mpambaji mwambie aje na futi kamba, kwasababu kwa ukumbi huo na idadi hiyo zote haziwezekani na nitakuonyesha hesabu hapa chini uende nayo kwenye kikao cha kamati.

Watu wengi wanachagua meza kwa kuangalia picha, na picha inapigwa saa kumi jioni kabla hata mgeni mmoja hajakaa. Hamna mtu, hamna kreti za soda chini ya meza, hamna mama aliyeweka pochi na zawadi na mtoto kwenye kiti kimoja. Mimi nikipewa ukumbi cha kwanza nauliza chakula kinamfikiaje mgeni. Kama wahudumu wanaleta sahani mezani, njia kati ya meza zinaweza kuwa finyu kidogo maana anayepita ni mhudumu peke yake. Kama ni bufee, basi watu wote 350 watanyanyuka, wataenda, watarudi na sahani iliyojaa pilau na kuku mkononi, na watakutana njiani na wale ambao ndo kwanza wanaenda. Hapo njia ndo zinaamua umbo la meza.

Sasa vipimo. Meza ya duara inayokodishwa zaidi ni ya futi 6, yaani upana wa sentimita 183, inakaa watu 10. Watakwambia inakaa 12 na kweli viti 12 vinazunguka, ila piga hesabu: mzunguko wake ni kama sentimita 575, ukigawa kwa 10 kila mtu anapata 57, ukigawa kwa 12 anapata 48, na mtu mzima anayekula kwa kisu na uma au hata kwa mkono anahitaji karibu 60. Kwahiyo kumi, basi. Ile ya futi 5 ni ya watu 8. Meza ya mstatili ya futi 6 inakaa watu 3 kila upande, ya futi 8 inakaa 4 kila upande, zote upana wake ni sentimita 76 hivi. Kichwani usiweke mtu kama meza zimeungwa kuwa safu, maana huyo wa kichwani ndo anaziba njia.

Kati ya meza na meza acha mita moja na nusu, kutoka ukingo hadi ukingo. Inaonekana kubwa ukumbi ukiwa mtupu ila viti viwili vilivyopeana mgongo vyenye watu vinameza zaidi ya mita moja, kinachobaki ni nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu akiwa ameinua sahani.

Twende kwenye ukumbi wako. Mbele toa mita 4 za jukwaa la maharusi na keki. Zinazofuata mita 6 ni uwanja wa kuchezea na kutolea zawadi, katikati yake hapaguswi, harusi ya kwetu bila foleni ya watu kucheza wakipeleka zawadi mbele ni mkutano tu. Nyuma bufee inataka mita 3 na nusu, kwasababu meza ya bufee inachotwa pande zote mbili na kila upande unahitaji mita na ushee ya foleni. Umebaki na mita 16 na nusu kwenda nyuma, upana ni 18 ila katikati lazima kuwe na njia ya mita 2 ya maharusi kuingilia, na bibi harusi mwenye gauni la mkia hapiti kwenye mita moja.

Ukipanga duara za futi 6 hapo unapata meza 4 kwa upana na 5 kwenda nyuma, 20, watu 200. Pembeni ya uwanja wa kuchezea unaweza kuweka mbili kila upande na katikati bado ukabaki na mita 8 za kuchezea, hizo ni watu 40 zaidi. Jumla 240. Hata ukifuta njia ya maharusi kabisa unafika 290. Wageni 350 wako wapi? Hao 60 ndo wale unaowaona kwenye harusi za watu wamesimama mlangoni wameshika kadi mkononi wakati MC anasema karibuni sana jisikieni mko nyumbani.

Kwahiyo kwa idadi mama mkwe ameshindwa. Ila usimkimbilie kumwambia, subiri, maana na wewe meza zako ndefu zina shida yake.

Safu ndefu ukizilaza kwa upana wa ukumbi, yaani zikifuata jukwaa, zinabeba watu wengi kuliko mpangilio wowote. Nimepiga: safu 14 za watu 22, ukijumlisha na zile duara 4 za mbele unapata 348. Inavutia. Tatizo ni kwamba nusu ya watu kwenye kila safu wameligeuzia jukwaa mgongo. Maharusi wakiingia wanageuza viti, keki ikikatwa wanageuza tena, na kiti kikishageuzwa hakirudi, ile mita moja na nusu yako inakufa saa mbili usiku kabla bufee haijafunguliwa. Alafu wageni wakubwa wakishakaa wanaona aibu kugeuka geuka, wanakaa hivohivo wanasikiliza harusi kama redio.

Ndo maana mi nazisimamisha, safu zinaelekea jukwaani. Kila mtu anageuza shingo tu anaona, hakuna aliyepewa mgongo. Ubaya ni kwamba kwenye upana wako zinaingia safu 3 kila upande wa njia, na kwenye urefu wa mita 16 na nusu lazima ukate katikati uache njia ya kuvuka, mtu wa katikati asilazimike kuzunguka ukumbi mzima kwenda chooni. Kwa hesabu hiyo unapata watu 288, jumla na duara za mbele 328. Bado 22 wako nje.

Dawa ni bufee kutoka ukumbini. Una baraza na una uwanja, itoe. Ukiitoa unarudishiwa zile mita 3 na nusu, na joto la vyombo na harufu ya samaki vinatoka navyo. Hapo kila safu inakuwa na watu 13 kila upande, yaani meza moja ya futi 8 na tatu za futi 6 zimeungwa, urefu kama mita 7.9. Safu 6 mara vipande viwili ni 12, mara watu 26, ni 312. Ongeza duara 4 za mbele, 352. Na hata ukishaacha ile njia ya kuvuka katikati bado unabaki na mita mbili na zaidi, nusu ziongeze kwenye njia hiyo na nusu uongeze uwanja wa kuchezea. Kwa kulinganisha tu, duara hata bufee ikitoka nje zinaishia 280.

Desemba Morogoro mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo, kwahiyo bufee ya nje ni lazima iwe chini ya paa la baraza au tenti yenye kuta, na kutoka mlangoni hadi hapo kusiwe na hatua hata moja ya tope. Pangeni meza mbili za bufee, kila moja inachotwa pande zote mbili, hiyo ni foleni nne kwa wakati mmoja. Wakikwambia moja inatosha, inatosha kweli, ila wa mwisho atakula wakati wa kwanza anaaga. Sahani zianzie ule mwisho ulio karibu na mlango wa kutokea ukumbini, na soda wala bia zisikae kwenye foleni ya chakula, weka meza yake pembeni au wahudumu wazipitishe.

Sasa mama mkwe. Zile duara 4 za mbele ndo jibu lake, na sikupi kama ujanja wa kumnyamazisha, hapo ana hoja ya kweli. Meza ya duara haina mkia. Mzee hakai mwisho wa kitu, wote wanaonana uso, mazungumzo yanazunguka, na bibi mwenye mkongojo anasogeza kiti nyuma anasimama bila kuomba watu watatu wampishe. Mwenye kiti cha magurudumu unaondoa kiti kimoja tu anaingia. Kwahiyo wazazi wa pande zote mbili, wajomba, mashangazi, viongozi wa dini na viongozi wa kamati wakae kwenye duara, mbili upande wa kwako mbili upande wa kwao, na ukumbi mzima uone kwamba wamekaa tofauti. Mwambie hivo: wazee duara, sisi vijana ndefu. Hawezi kukataa kitu ambacho kimempandisha cheo.

Kuna kitu kingine kinachonifanya nipende safu ndefu kwa harusi zetu na watu hawakisemi. Kwetu wageni wengi hawapangiwi viti kwa jina, wanaambiwa upande wa bibi harusi huku, upande wa bwana harusi kule, wafanyakazi wenzake pale. Kwenye meza ya duara wanakuja watu saba wanaofahamiana, wanaikalia, viti vitatu vinabaki. Anakuja mtu na mkewe wana kadi ya dabo, wanaangalia, wanaona wanaingilia kikao cha watu, wanapita. Anakuja mwingine mmoja, naye anapita. Saa mbili una viti thelathini vitupu vilivyotawanyika kimoja kimoja na watu wamesimama, na mhudumu wa mapokezi anazunguka anabembeleza watu wasogee. Safu ndefu haina mwenyewe. Mtu anakaa panapoisha wenzie na kiti kinachofuata ni cha yeyote atakayekuja. Kwenye harusi ya 350 hii peke yake ina thamani kuliko maua yote.

Meza za mraba za mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, watu 8, ni nzuri sana kwa macho na zinakula nafasi karibu sawa na duara. Kama una wageni 80 kwenye hoteli chukua. Kwa 350 sahau. Zile za nusu mwezi na za kujipinda kama nyoka mi naziweka kwenye keki au kwenye kona ya vinywaji, za kukalia watu sipendi, upande wa ndani magoti yanagongana. Meza za vioo kama kioo cha kujitazamia zinapendeza mpaka mpiga picha awashe taa, kila picha ina mwanga wa duara katikati, alafu kila alama ya kidole inaonekana. Na meza ndefu nyembamba za kusimama, za mita 1.1 kwenda juu, zinafaa kwa ile saa ya wageni kusubiri tu. Kumlisha mgeni wa Kitanzania pilau akiwa amesimama na viatu vyake virefu, hiyo utasemwa mpaka mtoto wako wa kwanza abatizwe.

Kuhusu mapambo ya juu ya meza, ukishachagua ndefu umejifunga kidogo. Upana ni sentimita 76, sahani mbili zinazotazamana zimechukua 54 mpaka 56, hapo katikati kuna kiganja cha mtu na glasi bado hazijawekwa. Kwahiyo usilipie yale madebe ya maua makubwa, yatashushwa chini ya meza chakula kikifika. Ama vitu vifupi vyembamba vinavyotembea na urefu wa meza, majani, mishumaa kwenye glasi, rana, yaani kile kitambaa chembamba cha katikati ya meza, ama stendi nyembamba ya chuma maua yakae juu kabisa. Kipimo changu ni kwamba pambo liishie chini ya sentimita 35 au lianzie juu ya 60, katikati ya hapo ndo kwenye uso wa mtu, na mgeni hataki kuongea na waridi. Kwenye zile duara za wazee ndo tumia fedha, pale katikati kuna nafasi ya karibu sentimita 80 na kamera zitapita hapo usiku kucha.

Vitambaa viulizie vizuri kabla ya kulipa. Meza zina kimo cha sentimita 75 hivi, kitambaa cha duara ya futi 6 kikifika chini kinatakiwa kiwe na upana wa sentimita 333. Ukipewa cha 300 miguu ya meza inaonekana, na miguu ya hizi meza za kukunja sio kitu cha kuonyesha ukweni. Kwa safu ndefu upana ni 226, urefu unaunga vipande, na hapa angalia kitu kidogo: pale kipande kimoja kinapolalia kingine, ukingo wa juu uangalie mbali na mlango. Anayeingia haoni mshono kabisa, ukumbi unaonekana una kitambaa kimoja. Ukigeuza kinyume kila mshono unaonekana kuanzia mlangoni mpaka mbele.

Na pale meza mbili zinapokutana, pitisha kiganja kabla ya kutandika. Meza za futi 6 na za futi 8 mara nyingi zinatoka kwa wakodishaji wawili tofauti na moja inakuwa juu ya mwenzake kwa sentimita moja au mbili. Hapo ndo chupa ya soda inapolala. Inua iliyo fupi kwa vipande vya mbao miguuni, alafu laza kanga iliyokunjwa juu ya ule ufa, ndo utandike. Miguu nayo, mtu mmoja kwenye kila kiungo atakuwa na mguu wa meza katikati ya magoti yake, hilo halikwepeki, ila unaweza kusogeza kiti chake kidogo. Hakikisha hapo hakai mama mjamzito.

Meza kuu sasa. Kwako ni watu wanne, maharusi na wapambe wao, wanakaa upande mmoja tu wakiangalia ukumbi. Wengi wanaweka meza moja ya futi 8 kwasababu inatosha watu 4, inatosha kweli kama wamevaa jinzi. Gauni la harusi lenye puto peke yake linataka karibu mita moja. Weka mbili za futi 6, ni mita 3.66, na mbele sketi ya kitambaa ifike chini kabisa ya jukwaa, maana jukwaa likiwa na kimo cha nusu mita macho ya mgeni aliyekaa yanatazama viatu vyenu moja kwa moja. Maua ya meza kuu yawe mbele ya meza yananing'inia, yasiwe juu yake. Wengine sikuhizi wanaweka kochi na kameza kadogo, wapambe pembeni, ni nzuri na mnapumzika, shida ni kwamba mnakula mmeinama na video inarekodi.

Keki ipate meza yake ya duara, upana kama sentimita 90, ngumu, usikubali ile ya plastiki ya kukunja kwa keki ya ngazi. Isikae chini ya taa kali. Na kwakuwa ukweni ni Moshi, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, ataingia na huenda ni wawili, mmoja wa kila upande, na hapa wapambaji wengi wanasahau mpaka mbuzi yuko mlangoni anachezewa ndo watu wanakimbia kutafuta meza. Andaa meza ya futi 6 yenye miguu imara, iwe kwenye kona ya uwanja wa kuchezea sio jukwaani, juu tandika nailoni nene kabla ya kitambaa maana mafuta yanachuruzika, na kitambaa chenyewe kisiwe kile cha satini nyeupe cha kukodi, utalipishwa. Acha nafasi pande zote, wanaomkata wanazunguka na visu.

Sendofu ya nyumbani ni rahisi zaidi. Tenti zetu za mtaani ni ndefu na zina nguzo, duara zinapigana na nguzo, mstatili unafuata mstari wa tenti. Kama uwanja ni majani au mchanga weka kibao chini ya kila mguu, jioni udongo ukilainika meza inazama upande mmoja. Panga kwa umbo la U, bibi harusi mtarajiwa na mpambe wake kwenye kichwa cha U, familia yenu upande mmoja, ukweni upande wa pili wanatazamana, katikati ndo pa kuchezea na kutunzia. Usiweke watu upande wa ndani wa U kwenye ile sehemu ya mbele, wataziba. Na kama mna wazee wa pwani watakaopenda kula sinia, watandikieni jamvi upande wenye kivuli wale kwa raha zao, msiwalazimishe meza.

Kabla hujalipa popote nenda ukumbini na futi kamba, pima wewe mwenyewe, hizo 18 kwa 30 wenye kumbi huwa wanapima nje ya kuta. Angalia nguzo ziko wapi na milango ya dharura inafunguka upande gani, mbele ya mlango wa dharura hakuna safu hata kamati ikilia. Uliza meza za ukumbi zenyewe ni za saizi gani na ngapi ni nzima, kwasababu kwa mpangilio huu unahitaji za mstatili 12 za futi 8 na 36 za futi 6, duara 4, ukiacha meza kuu, keki, ndafu na bufee. Ukikuta upana ni mita 17 badala ya 18 usiongeze watu kwenye safu, punguza njia ya maharusi mpaka mita 1.6, iliyobaki itoe kwenye nafasi ya pembeni kati ya safu na ukuta ila watu bado waweze kupita, na umwambie fundi wa gauni mapema.